Krapf na Kaburi la Rosina: Kulia, Kuinuka na Kuachilia

Masomo ya wiki: Mwanzo 23, Yohana 11:1-44, 1 Wathesalonike 4:13-18



Jumapili iliyopita tulikuwa kwa kitabu cha Mwanzo sura ya 23, pale Ibrahimu anamzika mke wake Sara katika nchi ya ugeni. Ibada ilipoisha, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni hadi watu wakapungua. Mume wake alilala miaka mitatu iliyopita. Akaniambia kwamba mashati ya mzee bado yananing'inia nyuma ya mlango wa chumba, na namba yake bado iko kwa simu. Watoto wanasema ni wakati ayatoe. Washirika wengine wamemwambia mtu wa imani halii miaka mitatu. Naye anaogopa kwamba siku akiyatoa yale mashati, atakuwa amemtupa mume wake. Akaniuliza, je, kushindwa kuachilia ni dhambi?

Sikumjibu pale pale. Nilimwomba anipe wiki moja, na amenikubalia niliandike swali lake hapa bila kutaja jina. Wiki hiyo nzima nimekuwa nikisoma tena habari za mtumishi mmoja wa Mungu ambaye sisi Wakenya tunamjua kwa jina tu: Johann Ludwig Krapf. Shuleni tulifundishwa kwamba ni Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Tukaandika kwa mtihani, tukasahau. Lakini miaka mitano kabla ya kuuona huo mlima, Krapf alizika mke na mtoto hapa kwetu Mombasa. Hebu tumfuate pole pole, kwa maana ndani ya maisha yake kuna jibu la yule mama.

KIJANA WA KIJIJINI

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana huyu alipenda sana ramani na lugha, na alipokuwa bado shuleni alisikia habari za watu wanaopeleka Injili nchi za mbali, moyo wake ukawaka. Akiwa na miaka 17 alijiunga na chuo cha wamishonari kule Basel, Uswisi.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa chuma. Hata hakumaliza safari hiyo ya kwanza. Alijaa mashaka juu ya wito wake, akaondoka, akaenda kusoma theolojia Tübingen, akawa pasta msaidizi kwao nyumbani. Baadaye ndipo wito ulimrudia, na mwaka 1837 shirika la wamishonari la Kanisa la Uingereza likamtuma Ethiopia.

Kule Ethiopia alikaa miaka kadhaa, mingi katika ufalme wa Shoa. Hapo akawafahamu watu wa Oromo, na mzigo wao ukamkalia moyoni. Mwaka 1842 alisafiri hadi Misri, na huko akafunga ndoa na Rosina Dietrich, binti wa Basel. Yeye Krapf alikuwa na miaka 32. Rosina alijua anaolewa na nani, na anaenda wapi. Hakuolewa ili akae kwa nyumba ya mawe yenye bustani. Aliolewa na safari.

MTOTO ALIYEITWA CHOZI

Walipojaribu kurudi Ethiopia, mlango ulikuwa umefungwa. Wamishonari hawakutakiwa tena. Wakahangaika huku na huku kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, na katika safari hizo za jangwani Rosina akajifungua kabla ya wakati. Alikuwa mtoto wa kike. Krapf alimbatiza akampa jina Eneba, ambalo kwa lugha ya Kiamhari maana yake ni chozi. Mtoto aliishi muda mfupi sana. Wakamzika huko huko, wakaendelea na safari.

Wapendwa, tusipite hapo haraka. Huyu baba angeweza kumpa mtoto jina la ushindi. Sisi walokole tunapenda majina ya ushindi, si ndiyo? Lakini yeye alimwita Chozi. Aliyaita machozi kwa jina lake, akayapeleka mbele za Mungu katika ubatizo. Kuomboleza kwa kweli kunaanzia hapo, kwa kukubali kwamba kilichotokea kimetokea, na kwamba kinauma.

MOMBASA, JULAI 1844

Mlango wa kaskazini ulipofungwa, Krapf aliwaza kwamba labda atawafikia Waoromo akitokea kusini. Ndipo wakashuka kwa jahazi hadi pwani yetu. Januari 1844 walifika Unguja, ambako Seyyid Said aliwapokea vizuri, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwaka huo huo wakahamia Mombasa. Rosina alikuwa na mimba tena.

Krapf hakupoteza muda. Alianza kujifunza Kiswahili, na tarehe 8 Juni 1844 akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Naam, kadhi na mmishonari, wamekaa pamoja wakitafuta maneno. Muweke tarehe hiyo moyoni, tutairudia.

Mwezi mmoja tu baadaye homa ikaingia nyumbani. Ilianza kwa Krapf, ikafuata kwa Rosina. Katikati ya homa hiyo Rosina akajifungua, mtoto wa kike tena. Siku chache zikapita, homa ikazidi, na mama akafa. Krapf mwenyewe alikuwa amelazwa pembeni yake, hana nguvu, na ilimbidi ajikaze sana ainuke kidogo tu ili ahakikishe kwamba kweli mke wake ameondoka. Baada ya siku chache mtoto naye akamfuata mama yake.

Kwa hiyo mtu mmoja, ndani ya mwezi mmoja, mgonjwa, mbali na kwao, bila mama, bila dada, bila mshirika hata mmoja wa imani yake mjini, alipoteza nyumba yake yote. Matanga yake hayakuwa na viti vya kukodi wala kwaya.

Rosina aliacha ombi moja. Alitaka azikwe bara, upande wa pili wa maji, mahali watu wanapopita, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia kwa nini watumishi hawa walikuja nchini. Wakamvusha hadi ng'ambo, wakamzika hapo. Ukienda Nyali leo, upande unaoelekea Mji wa Kale, kaburi lipo.

HABARI YA "LAU NINGEJUA"

Hapa nataka niseme neno kwa wale wanaojilaumu. Najua mko, kwa maana tumekaa na wengine wenu usiku. Lau ningempeleka hospitali mapema. Lau ningekataa asisafiri siku ile. Lau nisingemleta huku.

Nani angekuwa na sababu ya kusema hivyo kuliko Krapf? Ndiye aliyemleta mke mjamzito kwenye pwani yenye malaria. Lakini angalieni jambo hili. Mwaka 1844 hakuna mtu duniani aliyejua malaria inaletwa na nini. Wengi walidhani ni hewa mbaya ya vinamasi. Daktari Ronald Ross, akiwa India, ndiye aliyeonyesha kwamba mbu anabeba vimelea vya malaria, na hiyo ilikuwa 1897. Ni miaka 53 baada ya Rosina kuzikwa, na Krapf mwenyewe alikuwa ameshakufa. Alilala na adui chumbani bila kujua ni nani.

Sisi tukikaa leo tunaona kila kitu wazi, kwa sababu tunaangalia nyuma. Lakini siku ile ulikuwa na ujuzi wa siku ile tu. Mpendwa, sehemu kubwa ya kuachilia ni kuacha kujihukumu leo kwa mambo ambayo siku ile hukuyajua. Kama kuna kosa la kweli, litubu, damu ya Yesu inatosha. Kama hakuna kosa, usitengeneze la uongo ili upate mtu wa kumlaumu.

AKAINUKA MBELE YA MAITI

Sasa rudini kwa ile tarehe ya Juni. Kitabu Krapf alichokuwa ameanza kukitafsiri mwezi mmoja kabla ya msiba ndicho hicho cha Mwanzo, ambamo Ibrahimu anamzika Sara. Mwenye kusoma sura ya 23 ataona mambo matatu. Kwanza Ibrahimu alikuja kumlilia Sara, na Biblia haikuona aibu kuandika hivyo juu ya baba wa imani. Pili aliinuka kutoka mbele ya maiti yake. Tatu akaenda kutafuta mahali pa kuzika, akalipa fedha kamili, hakutaka cha bure. Alilia, akainuka, akazika. Mtu akiruka moja kati ya hayo matatu, atarudishwa nyuma na huzuni hadi alifanye.

Krapf aliyafanya yote. Alilia. Akainuka kitandani mwa homa, kwa shida. Akazika mahali mke alipoomba. Halafu akaandika barua kwa kamati ya wamishonari kule London. Hakuwaomba wamrudishe kwao. Aliwaeleza kwamba sasa wana kaburi pwani ya Afrika Mashariki, na kwa hilo wajue kwamba kazi imeanza, wasirudi nyuma.

Kisha akarudi kwa ile tafsiri. Si kwa sababu alikuwa amepona moyo. Alirudi kwa sababu kazi ilikuwa pale mezani, na asubuhi ilikuwa imefika.

MIAKA MIWILI BILA MWENZAKE

Wengi wetu tukisimulia habari za watumishi wa Mungu tunaruka kutoka msiba hadi ushindi, kana kwamba ni siku tatu. Kwa Krapf haikuwa hivyo. Tangu Julai 1844 hadi Juni 1846 alikaa Mombasa bila mmishonari mwenzake. Miaka miwili! Kila siku angeweza kutazama ng'ambo ya maji na kuiona ile sehemu ya bara alipolala Rosina. Hakuhama ili asiione, wala hakujenga kibanda kaburini ili asiondoke.

Alifanya nini basi? Alikusanya maneno. Alikaa na Waswahili na Wamijikenda, akauliza hiki kinaitwaje, na kile kinaitwaje, akaandika. Alivuka bara, akatembelea vijiji vya Wamijikenda. Homa ilimrudia mara kwa mara, akilala, akiamka, akiendelea.

Mjane mpya anaulizwa na watu, utafanya nini na maisha yako? Hilo ni swali kubwa sana kwa mtu ambaye hata kupika chai ni kazi. Krapf anatufundisha swali dogo zaidi: leo nitafanya nini? Neno moja. Ukurasa mmoja. Kijiji kimoja. Yale maneno aliyookota katika miaka ya upweke ndiyo yaliyokuja kuwa kamusi yake ya Kiswahili, moja ya kamusi kubwa za kwanza za lugha hii tunayoomba na kuimba nayo.

RABAI

Juni 1846 Mungu alimletea mwenzake, kijana Mjerumani kutoka jimbo la kwao, Johannes Rebmann. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Agosti, wakahamia Rabai kuanzisha kituo. Wote walikuwa wagonjwa. Krapf alikuwa na homa kiasi kwamba hawezi kutembea, ikabidi apandishwe kilima juu ya punda. Huo ndio mwanzo wa kazi ambayo makanisa mengi ya Kenya, na sisi wa kipentekoste pia, tunajivunia. Ulianza na watu wawili wanaotetemeka na punda mmoja.

Na matunda? Machache sana. Mtu wa kwanza kuamini Rabai alikuwa Mringe, mlemavu, maskini, ambaye hakuishi muda mrefu baada ya kubatizwa. Kwa hesabu zetu za mikutano mikubwa tungesema huduma imekwama. Krapf na Rebmann hawakusema hivyo.

Kutoka Rabai walitembea sana. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848. Krapf alifika Ukambani, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mawingu yakafunguka akauona ule mlima mwingine. Jina alilolisikia kwa Wakamba aliliandika, na kutokana nalo nchi yetu inaitwa Kenya. Wasomi wengine wa Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Wakiwa njiani karibu na mto Tana walivamiwa, na Kivoi akauawa. Krapf akabaki porini peke yake, na njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki kwa kukosa kibuyu. Hapo tena alimpoteza rafiki. Maisha ya imani hayakumkinga na msiba wa pili wala wa tatu. Tusidanganyane mimbarani kwamba ukishazika mmoja umemaliza zamu yako.

SIKU YA KULIACHA KABURI

Mwaka 1853 afya ilimshinda. Ikabidi aondoke Afrika Mashariki arudi Ujerumani. Na hapa ndipo naona tendo gumu kuliko yote, gumu hata kuliko mazishi. Siku ya mazishi mtu anamwacha mpendwa wake kaburini, lakini anajua kesho anaweza kurudi kupalilia. Krapf alipanda chombo akijua anaacha pwani yetu mke wake na mtoto wao, bila ndugu wa damu wa kulitazama kaburi.

Aliliacha mikononi mwa nani? Mikononi mwa Mungu, na mikononi mwa watu wetu. Na watu wetu wamelitunza. Miaka ishirini hivi baadaye, mwaka 1875, watu waliokombolewa utumwani walipewa makao upande ule ule wa bara, kijiji kikaitwa Frere Town, na kanisa likakua hapo, si mbali na kaburi. Rosina aliomba wapita njia wakumbuke. Wamekumbuka hadi leo, zaidi ya miaka 180. Kama Krapf angeng'ang'ania kuondoka na mifupa ya mke wake, ombi la Rosina lingekufa.

Kule Kornthal, Ujerumani, aliendelea kuishi. Mwaka 1856, miaka 12 baada ya msiba, alioa tena, mke akiitwa Charlotte Pelargus. Ndugu zangu, najua hili linaleta maneno makanisani kwetu. Mjane akiolewa, mgane akioa, watu wanahesabu miezi kwa vidole, wengine wanasema alikuwa hampendi marehemu. Ibrahimu naye alioa Ketura baada ya Sara, soma Mwanzo 25. Lakini Ibrahimu mwenyewe alipokufa, alizikwa na wanawe kwenye pango lile lile alilomnunulia Sara. Upendo wa pili haufuti wa kwanza. Vilevile, hakuna andiko linalomlazimisha mtu aoe tena. Mwingine atabaki mwenyewe na Bwana, na ni sawa kabisa.

Charlotte naye alifariki mwaka 1868. Krapf akawa mgane mara ya pili. Mwaka uliofuata alimwoa Nanette Schmid, akazeeka naye.

Katikati ya hayo yote hakuisahau Afrika. Alikuja tena mwanzoni mwa miaka ya 1860, akawasaidia Wamethodisti kuanza kazi ambayo ilipata makao Ribe. Na Rebmann aliporudi Ujerumani mwaka 1875, karibu kipofu, mjane pia, baada ya miaka 29 huku kwetu, alikuja kukaa Kornthal karibu na Krapf. Wazee wawili, kila mmoja ameacha kaburi la mke pwani ya Kenya. Rebmann akatangulia mwaka 1876.

Krapf aliendelea na kamusi yake hadi uzeeni. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani kulala kama kawaida. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki akiomba. Alikuwa na miaka 71. Kamusi ikachapwa London mwaka uliofuata, 1882. Yale maneno aliyoanza kuyaokota kabla na baada ya mazishi ya Rosina yakatufikia sisi, wala mwenyewe hakukiona kitabu.

Mwili wake uko Kornthal. Mwili wa Rosina uko Nyali. Kati yao kuna bahari na jangwa. Lakini 1 Wathesalonike 4 haisemi parapanda italia mahali pamoja tu. Waliolala katika Bwana watafufuliwa kila mmoja alipo, na hakuna atakayekosa kwa sababu kaburi lake liko mbali.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, kulia si kukosa imani. Yesu alijua kabisa kwamba dakika chache baadaye Lazaro atatoka kaburini, na bado alilia pamoja na Martha na Mariamu. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Hizo ni habari mbili tofauti. Kwa hivyo sisi washirika tukome kuwawekea wajane tarehe ya mwisho ya machozi. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema. Waliharibu walipofungua mdomo.

Pili, kulia kuna mwisho wake, hata kama kukumbuka hakuna. Israeli walimlilia Musa siku 30, kisha siku za maombolezo zikaisha, na Yoshua akaambiwa avuke Yordani. Mungu hakuwaambia wamsahau Musa. Hata kwa Krapf kulikuwa na siku ya kulala kando ya maiti na siku ya kupanda Rabai, na kati yake miaka miwili. Kwako inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa miaka minne. Usijipime na jirani. Jiulize tu kama mwaka huu unasogea hata kidogo kuliko mwaka jana.

Tatu, kuachilia si kutupa. Ni kukubali kwamba mtu wako hayuko tena mikononi mwako, yuko mikononi mwa Mungu, halafu ukatumia mikono yako kwa kazi iliyobaki. Krapf alimwachilia Rosina, na kwa sababu alimwachilia, Rosina amehubiri Nyali miaka yote hii.

Na hapa namjibu dada yetu wa mashati.

Mama, si dhambi. Yale mashati si sanamu, ni kumbukumbu ya mtu uliyempenda mbele za Mungu na kanisa. Usiyatoe kwa sababu watoto wamechoka kuyaona, wala kwa sababu mshirika fulani amekusema. Lakini jiulize swali moja ukiwa peke yako na Bwana: je, yale mashati yanakusaidia kukumbuka, au yanakusaidia kungoja? Kama unakumbuka, hakuna haraka. Kama moyo bado unangoja mlango ufunguliwe na mzee aingie avae moja, basi ni wakati wa kuinuka kutoka mbele ya maiti, kama Ibrahimu.

Na siku hiyo ikifika, usifanye peke yako. Tuite. Wamama wa ushirika watakuja, tutaomba, tutalia tena kama ni kulia. Utachagua shati moja ulibakishe, lile alilopenda. Mengine yakunje vizuri, na wewe mwenyewe uchague nani ayavae. Jumapili moja utaona kijana asiye na baba ameingia ibadani na shati la mzee. Hapo utajua kama umemtupa au umemtuma.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tunakuletea kila mjane na kila mgane wa kanisa hili. Wewe unajua usiku wao na upande wa kitanda ulio mtupu. Wape ruhusa ya kulia, na wakati wako ukifika uwape nguvu za kuinuka. Ondoa hatia isiyotoka kwako. Ziba midomo yetu tunapotaka kuwaharakisha, na ufungue mikono yetu tuwasaidie. Waliolala katika wewe tunawaacha kwako hadi siku ile. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni maneno gani uliambiwa wakati wa msiba yakakusaidia, na yapi yakakuumiza?
2. Ibrahimu alilia, akainuka, akazika. Wewe umekwama wapi kati ya hayo matatu?
3. Ni kazi gani ndogo unayoweza kuirudia wiki hii, hata kama moyo haujapona?
4. Kuna mjane au mgane gani wa eneo lenu ambaye hajatembelewa tangu matanga yaishe? Nani ataenda kwake, na siku gani?

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.